Mazoezi Nayo Yana Dozi: Majibu ya Barua za Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu, za Unguja na za Pemba, zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu mwenye sukari, presha au maradhi ya moyo anapoambiwa "fanya mazoezi", ni nani wa kumweleza mazoezi gani, kiasi gani na saa ngapi? Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo mama wa zilizobaki. Wanaoniandikia "Daktari" nawasahihisha kwa heshima: mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na hakuna neno katika ukurasa huu linalobadilisha dawa uliyoandikiwa na daktari wako.

Mtu wa mazoezi wa mwanangu ni nani?

Assalaam alaykum. Mwanangu anaishi Melbourne, na mwaka jana alikutwa na sukari. Ameniambia kwamba daktari wake, mbali na vidonge, amemwandikia barua ya kwenda mara tano kwa mtu wa mazoezi, na kwamba mtu huyo amesoma chuo kikuu. Mimi pia nina sukari, mwaka wa tisa huu, na kila nikienda kliniki naambiwa nifanye mazoezi, basi, naondoka. Huyo mtu wa mwanangu ni nani hasa? Ni mwalimu wa jimu? Na sisi huku tunaye? — Mama wa watoto wanne, Wete

Waalaykum salaam, mama yangu. Huyo si mwalimu wa jimu, ingawa wote wawili unaweza kuwakuta wamevaa raba na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Jina lake kwa Kiswahili halijatulia bado. Ukilifasiri kwa ukamilifu ni mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi tiba, yaani mtu aliyesomea namna moyo, mapafu, damu na misuli inavyoitikia kazi, kwa mwenye siha na kwa mgonjwa. Nitamwita mtaalamu wa mazoezi tiba ili tusichoke njiani.

Huko Australia anasoma chuo kikuu kwa muda usiopungua miaka 4, na ndani ya muda huo huwahudumia wagonjwa chini ya usimamizi kwa mamia ya saa, kisha chama cha wataalamu wenzake ndicho kinachomthibitisha. Hizo safari tano za mwanao nazo zina asili yake: mwenye maradhi ya muda mrefu, daktari wake wa familia akishamwandikia mpango wa matibabu, bima ya afya ya serikali humsaidia kulipia hadi ziara 5 kwa mwaka kwa wataalamu wa namna hii wote kwa pamoja, hivyo akizitumia 2 kwa mtaalamu wa lishe, za mazoezi zinabaki 3. Marekani cheti cha kazi hii hutolewa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha nchi hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1954, na Uingereza sajili yao rasmi imefunguliwa mwaka 2021 tu. Kwa hivyo usidhani kwamba ni sisi pekee tuliochelewa. Hata huko kwenyewe wapo wagonjwa wengi ambao hawajapata kumsikia.

Sasa anafanya nini? Siku ya kwanza aghalabu hakuna jasho. Humwambia mgonjwa atoe dawa zake zote azipange mezani, aeleze kila moja anaimeza saa ngapi na chakula anakila saa ngapi. Humvua viatu na soksi akamtazama nyayo, hasa baina ya vidole, kwa sababu sukari ya miaka mingi huua hisia za miguu, na mtu anaweza kutembea na mwiba siku mbili asijue kama anao. Huuliza macho yalipimwa lini, kwani mishipa ya nyuma ya jicho ikiwa imeshadhoofishwa na sukari, kunyanyua kitu kizito huku umebana pumzi kunaweza kuifanya ivuje damu. Huuliza juu ya kifua, juu ya usingizi, juu ya ngazi za nyumba. Mgonjwa aliyetegemea kupewa mashine ya kukimbilia huanza kujiuliza kama amekosea mlango.

Halafu humpima. Kipimo kimoja nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakina gharama: huhitaji isipokuwa ukumbi wa mita 30, kiti kila upande, saa, na alama za sakafuni. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi kwa dakika 6 kwa mwendo wake mwenyewe. Akichoka anaruhusiwa kusimama, lakini saa haisimami. Mpimaji hatembei naye bega kwa bega, maana atamfanya afuate mwendo wa mwingine, wala hampigii makofi. Kila dakika humwambia maneno yale yale kwa sauti ile ile, kwamba anaendelea vizuri na zimebaki dakika kadhaa. Mwishoni zinahesabiwa mita. Nimewahi kumpima mzee mmoja wa maradhi ya mapafu katika ukumbi wa skuli wakati wa likizo, alama zetu zikiwa ni mistari ya chaki. Mara ya kwanza alipata mita 310 na alisimama mara mbili, huku ameshika magoti. Baada ya wiki kumi na mbili alipata 375 bila ya kusimama. Kwa wagonjwa wa mapafu tofauti ya mita 30 hivi huhesabiwa kuwa ya maana. Yeye mita hazikumshughulisha. Alichonieleza ni kwamba sasa anafika msikitini sala haijakimiwa.

Kutokana na vipimo hivyo ndipo huandika dozi, na neno hilo nalitumia kwa makusudi. Daktari haandiki "meza vidonge" akakuacha. Huandika vidonge gani, miligramu ngapi na mara ngapi. Agizo la "fanya mazoezi" lisilo na ziada ni cheti cha dawa kilichoandikwa nusu. Dozi ya mazoezi ina aina, ina ukali, ina muda na ina idadi ya siku, na hupandishwa au hushushwa kadiri mwili unavyoitikia, na kadiri dawa zinavyobadilishwa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo hasa analolipwa mtu wa mwanao: kupima, kuandika, kupima tena. Mashine za jimu ni pambo tu.

Kwa maradhi yako, mama, sababu ya kuwa na dozi ni hii. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu kupitia njia yake wenyewe isiyoisubiri insulini, ile homoni inayoitoa sukari katika damu, na hata ukishapumzika, insulini uliyonayo huendelea kufanya kazi vizuri zaidi kwa muda wa siku moja hadi mbili, mara nyingine hata tatu. Ndiyo maana watu wa sukari hushauriwa kwamba zisipite siku mbili mfululizo bila ya mazoezi. Anayetembea kilomita kumi Jumapili na kukaa barazani wiki nzima ni sawa na aliyemeza vidonge vya wiki kwa mkupuo mmoja. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni mwa kisukari, kundi lililosimamiwa katika chakula, uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali kundi lililopewa vidonge vya sukari vya metformini lilipunguza kwa asilimia 31. Neno la kulizingatia hapo ni "lililosimamiwa", kwani kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumfuatilia.

Je, huku tunaye? Kwa jina hilo ni tabu kumpata, lakini kazi yake haikukosa mikono kabisa. Kipande chake kiko kwa fiziotherapia, kipande kwa muuguzi wa kliniki ya sukari, kipande kwa daktari. Anayekosekana ni mtu mmoja wa kuvikusanya. Basi kwa sasa mkusanyaji uwe wewe mwenyewe. Siku ya kliniki usikubali kuondoka na lile neno moja. Muulize daktari kama katika dawa zako imo inayoweza kuishusha sukari kupita kiasi ukitembea, muombe muuguzi akutazame nyayo, na uulize kama unaweza kuandikiwa barua ya kwenda kitengo cha fiziotherapia kwa ajili ya kupangiwa mazoezi, hata kama huna kiungo kinachouma. Hiyo ya mwisho watu hawaiulizi, kwa kudhani kwamba fiziotherapia ni ya waliovunjika.

Daktari akisharidhika na moyo, macho na miguu yako, dozi ya kuanzia inaweza kuwa hii: dakika 10 za kutembea baada ya kila mlo kati ya milo mitatu, siku 5 kwa wiki. Piga hesabu, utapata zile zile 150. Siku mbili katika hizo, keti barazani au kwenye kiti kisichotikisika, vuka mikono kifuani, simama na ukae mara 8 taratibu, pumzika, urudie. Miguuni vaa viatu vinavyofunika vidole, si ndara. Kama unatumia insulini au glibenklamidi (kidonge kinachousukuma mwili utoe insulini), beba sukari ya kawaida vijiko vitatu vya chai katika karatasi na chupa ya maji. Wengi wa kwetu hubeba kipande cha halua, lakini halua ina samli, na samli huichelewesha sukari kuingia katika damu wakati ambapo unaihitaji haraka.

Saa imeharibika au moyo mvivu?

Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka 58, natumia atenololi kwa ajili ya presha. Binti yangu kanipa saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Kwa hesabu niliyoisoma, 220 toa umri, mwisho wa moyo wangu ni 162, na nikitembea kwa kasi ya wastani natakiwa nifike baina ya 104 na 123. Kila asubuhi napanda mlima kutoka gatini mpaka natweta, na saa inasema 92. Nifanyeje? Niongeze kasi? — Mkoani

Maalim, usiongeze kasi. Saa ni nzima na moyo si mvivu. Atenololi na ndugu zake hufanya kazi kwa kuuzuia moyo usiitikie kengele ya adrenalini, na kengele hiyo ndiyo inayopandisha mapigo mtu anapopanda mlima. Kwa hivyo hesabu yako, ambayo hata kwa asiyetumia dawa ni wastani tu na hukosea kwa mapigo kumi na zaidi, kwako wewe haina kazi. Ukikimbiza namba 104 utajikuta umevuka mpaka wako huku saa ikikusifu. Na Mungu akuepushe na wazo la kuiacha dawa ili saa ifurahi, kwa sababu kuikata dawa ya aina hii ghafla kunaweza kuuletea moyo madhara makubwa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba akikutana na mgonjwa kama wewe huiweka saa kando na kumuuliza: kazi hii unaisikia nzito kiasi gani? Msweden Gunnar Borg aliitungia hisia hiyo kipimo cha namba 6 hadi 20, ambapo 6 ni kukaa kitako na 20 ni mwisho wa nguvu zote, na namba hizo hazikuchaguliwa ovyo: kwa kijana mwenye afya, ukizidisha kwa 10 unakaribia mapigo yake. Wewe tafuta 12 hadi 13, yaani mahali baina ya "nyepesi" na "nzito kidogo". Ukiona tabu kukumbuka namba, tumia ulimi. Ukipishana na mtu njiani, uweze kumjibu salamu zake zote, pamoja na habari za nyumbani na za watoto, bila ya kukatika; lakini kama ungetakiwa kughani kaswida, pumzi isingetosha. Hapo ndipo. Kutweta mpaka kushindwa kuzungumza, kwa mtu wa presha anayeanza, ni kupita kituo.

Mlima wenu naujua. Panda kwa vituo, na ukifika juu usikae papo hapo; tembea polepole dakika 5 hadi 10 sehemu tambarare, kwani dawa za presha pamoja na mishipa iliyopanuka kwa joto humfanya mtu aone kizunguzungu akisimama ghafla. Pima presha kabla ya kutoka, ukiwa umekaa kwa dakika 5. Ikiwa imefika 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo ni ya kwenda kwa daktari, si ya mlima. Ukidumu, tarajia namba ya juu ishuke kwa 5 hadi 8 hivi ndani ya miezi michache. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini inakaribia ile inayoletwa na kidonge kimoja.

Neno moja la pembeni kwa wasomaji wenye sukari wanaotumia dawa hizi: sukari ikishuka, moyo hautakwenda mbio na pengine mikono haitatetemeka, kwa sababu kengele imezimwa. Jasho la ghafla ndilo linalobaki.

Nalima mwani, niongeze na mazoezi?

Nina miaka 46, nalima mwani. Bamvua likiingia nashuka pwani, nainama majini kwa muda wa saa nne na zaidi, napandisha viroba vya mwani mbichi mpaka juu. Nikirudi nyumbani kuna maji ya kuchota na nazi ya kukuna. Juzi nimepimwa presha, 152 kwa 96, nikaambiwa eti nifanye mazoezi. Nilicheka mbele ya aliyeniambia. Kwani haya ninayofanya ni usingizi? — Micheweni

Umecheka kwa haki, na mimi nimecheka nawe. Agizo hilo limetungwa kwa ajili ya mtu anayekaa ofisini, likasambazwa kwa kila mtu bila ya kuuliza anaishi vipi.

Kwanza nikupe haki yako. Kazi ya mwili huhesabiwa, na ushahidi wa mwanzo kabisa katika elimu hii ulitoka kazini, si uwanjani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa mabasi ya ghorofa ya London: dereva alikaa siku nzima, konda alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku, na maradhi ya moyo yalionekana zaidi kwa madereva kuliko kwa makonda waliofanya kazi katika basi lile lile.

Lakini itazame kazi ya konda yule. Anapanda, anashuka, anasimama, anapumzika kidogo, anapanda tena, na mzigo wake ni mwili wake tu. Wewe umeinama mahali pamoja, mgongo umekaza, mikono inafunga kamba. Halafu kinakuja kiroba, unabana pumzi, unanyanyua. Msuli uliokaza bila ya kutembea huibana mishipa iliyomo ndani yake, na pumzi iliyobanwa huipandisha presha wakati ule ule kwa kiwango kikubwa. Kisha unaendelea hivyo kwa saa nyingi bila ya moyo kupata nafasi ya kurudi chini. Ndiyo sababu watafiti siku hizi wanatenganisha kazi nzito ya kutwa na mazoezi, na kuna tafiti zilizoona kwamba ya kwanza haimkingi mtu kama ya pili, na huenda hata ikamchosha moyo.

Kwa hivyo ningekuwa mimi ninayekuandikia dozi, nisingekuongezea kazi siku za bamvua hata dakika moja. Ningekubadilishia namna. Kiroba kimoja kigawe viwili. Pumua nje kwa mdomo wakati wa kunyanyua, kama mtu anayepuliza moto, wala usibane. Kila nusu saa simama wima, tembea hatua hamsini ndani ya maji ya kina kifupi, urudi. Dozi yako ya kutembea iweke siku za maji mafu, ambapo pwani hakuna kazi: dakika 20 mpaka 30 kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, mikono mitupu, mgongo umenyooka. Kalenda yako ni bahari, na sioni kwa nini mpango wa mazoezi ufuate wiki ya ofisi. Muhimu ni jumla isipotee na mapumziko yasiwe marefu mno.

Na ile namba uliyopewa, rudi ukapimwe tena siku nyingine mbili ukiwa umetulia, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kukuhukumu. Ikibaki pale pale, kutembea peke yake pengine hakutatosha. Sikiliza habari ya dawa bila ya hofu, na upunguze papa na ng'onda wa chumvi.

Kukimbia kabla ya kufuturu

Nina miaka 39, nina sukari, natumia metformini na glibenklamidi. Nimezoea kukimbia Gombani saa kumi na moja jioni mwezi wa Ramadhani ili nikirudi nifuturu. Ramadhani iliyopita nilitetemeka na kuona giza, rafiki yangu akanipa maji ya sukari. Je, niache mazoezi mwezi mzima? — Chake Chake

Hapana, badilisha saa. Saa kumi na moja jioni akiba ya sukari katika ini imeshapungua, glibenklamidi bado inaisukuma insulini itoke, na wewe unaipa misuli kazi ya kuvuta sukari iliyobaki. Vitu vitatu vinavuta upande mmoja. Hamishia mazoezi saa moja au mbili baada ya futari, yawe mepesi kuliko ya kawaida, na unywe maji ya kutosha baina ya futari na daku. Ukisali tarawehe, hasa rakaa 20, ihesabu kuwa sehemu ya dozi yako ya siku; kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka kwa muda huo ni kazi halisi ya mapaja na mgongo, na mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unalitambua hilo.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 (milimoli kwa lita), au 70 kwa mashine zinazotumia hesabu ile nyingine (miligramu kwa desilita), futuru hapo hapo hata kama zimebaki dakika tano kabla ya adhana. Ikipanda zaidi ya 16.6, yaani 300, pia. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi. Kubwa zaidi, nenda kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dawa uliyonayo na saa za kuimeza huenda zikahitaji kubadilishwa, na hilo si langu wala si lako.

Niwakatae wagonjwa katika kikundi?

Naongoza kikundi cha mazoezi hapa mjini. Kila Jumapili alfajiri tunakwenda mchakamchaka kutoka Mwanakwerekwe mpaka Amaan na kurudi, na kila Januari 1 tunashiriki siku ya mazoezi ya kitaifa. Siku hizi wanakuja watu wazima walioambiwa na madaktari wajiunge. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye sukari alianguka njiani. Tulimpeleka hospitali na amepona. Baadhi ya wenzangu wanasema tusipokee wagonjwa tena. — Unguja

Msiwakatae. Vikundi vya mazoezi ni jambo ambalo Zanzibar imebarikiwa nalo, na mgonjwa anayetembea na watu ishirini hudumu kuliko anayetembea peke yake. Kosa lilikuwa kumpa kila mtu dozi moja. Vijana wakishaimba na kuanza kukimbia, hakuna mtu mzima anayekubali kuonekana amebaki nyuma, na aibu hiyo ndiyo inayoangusha watu.

Wekeni daftari. Mgeni akifika, mmoja wenu akae naye pembeni kabla ya kuanza, amuulize kwa upole kama hupata maumivu au kubanwa kifuani akifanya kazi, kama amewahi kuzirai, kama huishiwa pumzi akilala chali, kama moyo hurukaruka, na kama miguu imevimba. Akijibu ndiyo hata kwa moja, aende kwanza kwa daktari na arudi na jibu. Kisha andikeni dawa zake, na simu ya mtu wa nyumbani. Mwenye sukari aulizwe asubuhi ile amekula nini na amemeza nini. Mara nyingi niliposikia habari ya mtu kuanguka alfajiri, nimekuta amemeza kidonge saa kumi na moja kwa sababu "kinamezwa asubuhi", na chai hajaigusa.

Gaweni msafara mara mbili, wakimbiaji na watembezi, na watembezi wawe na kiongozi wao mwenye heshima yake, si kijana aliyeadhibiwa kubaki nyuma. Miezi ya kaskazi anzeni mapema zaidi na mfupishe njia, kwani wengi wa watu wa presha wanatumia dawa zinazotoa maji mwilini. Kiongozi awe na sukari na maji mkobani, na angalau wawili wenu mfundishwe kukandamiza kifua cha mtu aliyezimia na asiyepumua: katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kuacha mpaka msaada ufike.

Huyo mama, daktari wake akisharuhusu, mfuateni nyumbani mumrudishe. Aanze na watembezi, ageuke akifika nusu ya njia, na asitoke kabla hajanywa chai.